Safari ya Mikumi na Kilosa: Kioo kinachojua njia hakimwoni swala

Ndugu msomaji, ikiwa unakaa Dar es Salaam au Morogoro, na likizo ya watoto wa shule imekukuta na fedha kidogo mfukoni, ni safari chache zilizo karibu na zenye mafunzo mengi kama ile ya Mikumi na Kilosa. Si lazima ufike Serengeti ndipo umwone tembo. Ondoka alfajiri, upite Chalinze na Morogoro, na kabla jua halijakaa utosini utakuwa umeingia katika mbuga ambayo barabara kuu imeipasua katikati.

Nilikwenda huko hivi karibuni pamoja na mpwa wangu, mkewe, na binti yao wa miaka 6. Nakuandikia kwa sababu mbili. Ya kwanza ni uzuri wa nchi ile. Ya pili ni jambo lililotupata njiani, ambalo linaweza kukupata wewe pia, maana chombo kilicholisababisha huenda kimo ndani ya gari lako au la jirani yako.

GARI LINALOSEMA KIJAPANI

Gari la mpwa wangu ni kama magari mengi ya mijini kwetu: Toyota IST iliyotumika Japani, ikapakiwa melini, ikashushwa bandarini. Unayafahamu magari haya. Ukiwasha, kioo cha dashibodi hukukaribisha kwa maandishi ya Kijapani, na ramani iliyomo ni ya Japani, kana kwamba gari bado linatamani kurudi kwao. Redio nayo ina mashaka yake. Huko Japani stesheni za FM zilipangiwa masafa ya kuanzia 76 hadi 90, baadaye yakaongezwa kufikia 95. Kwetu zimetawanyika kati ya 88 na 108. Kwa hiyo gari husikia stesheni chache tu, mpaka fundi achomeke kijisanduku kwenye waya wa antena ili kuyashusha mawimbi yetu hadi pale redio inapoweza kuyapokea.

Mpwa wangu alichoka na hayo yote. Aliing'oa redio ya Kijapani, akafunga kioo kipya, kipana kama daftari la shule, kinachounganishwa na simu janja. Tangu siku hiyo, ramani, nyimbo na maongezi ya simu vyote vikahamia hapo.

Usidhani kwamba kioo hicho kina akili. Akili yote imo ndani ya simu. Simu ndiyo inayopiga hesabu ya njia na kuchora picha, kisha huipeleka picha hiyo kwenye kioo kwa njia ya waya au kwa mawimbi. Ukigusa kioo, habari ya mguso hurudi kwenye simu, nayo hutenda ulichotaka. Kioo ni karani wa mapokezi tu. Mkuu wa ofisi umemtia mfukoni.

KUTOKA FERRARI HADI IST

Mambo haya yalianzia kwa wenye nacho. Mwezi Machi 2014, katika maonyesho ya magari mjini Geneva, Uswisi, kampuni ya Apple ilionyesha mfumo wake uitwao CarPlay, na miongoni mwa magari yaliyotangulia kuwa nao lilikuwamo Ferrari, pamoja na Mercedes-Benz na Volvo. Ukaribu wa Apple na Ferrari haukuwa wa bahati tu, kwani mkuu mmoja wa Apple, Eddy Cue, alikwisha kuingia katika bodi ya Ferrari mwaka 2012. Juni 2014 Google nao wakatangaza mfumo wao, Android Auto. Na mwezi Mei 2025 Aston Martin wa Uingereza wakawa wa kwanza kutoa magari yenye CarPlay Ultra, ambamo simu huchora hata saa ya mwendo na ya mizunguko ya injini mbele ya dereva.

Pengine utauliza: mtu aliyenunua gari la mashindano kwa fedha za kujengea nyumba kadhaa anaazimaje akili ya simu? Jibu lake ni rahisi. Gari la namna ile husanifiwa kwa miaka mingi, na mwenyewe hutaka kukaa nalo miaka mingi zaidi. Simu hubadilishwa kila baada ya miaka michache. Injini ya Ferrari ikitunzwa hupendeza hata ikizeeka, lakini kioo chake na ramani yake huchakaa upesi kuliko matairi. Kampuni zile zina mafundi hodari wa injini. Haziwezi kushindana na watengenezaji wa simu katika kazi ya simu. Kwa hiyo ziliona heri zifungue mlango na kumwacha mgeni aingie.

Sababu hiyohiyo ndiyo iliyomleta mgeni huyo katika IST ya mpwa wangu. Gari la zamani limepata akili mpya kila anaponunua simu mpya. Katika jambo hili moja, dereva wa Ferrari na dereva wa IST wamekuwa sawa, na hatari inayowakabili ni moja.

KILOMITA 50 ZA MIKUMI

Ukishapita kijiji cha Doma, ukiiacha milima ya Uluguru nyuma yako, utaona nyumba zinapungua na majani yanazidi. Sasa umeingia Hifadhi ya Taifa ya Mikumi. Hifadhi hii ilianzishwa mwaka 1964, na ukubwa wake ni kilomita za mraba 3,230. Jina lake ni la mti: mikumi ni miti mirefu ya jamii ya mvumo. Kwa mwendo wa kilomita kama 50, barabara iendayo Iringa hadi Zambia hupita ndani ya makazi ya wanyama. Malori ya shaba na mafuta, mabasi ya Mbeya na magari madogo ya watu kama sisi hupita usiku na mchana, na twiga, pundamilia, nyati na tembo nao wana njia zao za kwenda majini, zinazokatiza njia yetu.

Utaona matuta ya kupunguza mwendo. Utaona vibao vya mwendo, na ubao wenye orodha ya faini, kila mnyama na bei yake kwa dola, kwa yule atakayemgonga. Nilimwonyesha mpwa wangu ubao ule. Akacheka, akasema, "Mjomba, tulia. Gari linajua njia."

Ni kweli lilijua njia. Mshale wa buluu ulikuwa ukiteleza juu ya kioo bila kukosea. Lakini mtandao wa simu huja na kutoweka katika pori lile, na ulipotoweka, wimbo ukakatika katikati ya ubeti. Mpwa wangu akanyoosha mkono kutafuta wimbo mwingine, ule uliohifadhiwa ndani ya simu. Akagusa mara moja, kikatokea kisichotakiwa. Akagusa mara ya pili. Mara ya tatu akainama kidogo ili asome.

Binti yake ndiye aliyepiga kelele: "Baba, swala!"

Alikanyaga breki mpaka mizigo yote ya kiti cha nyuma ikatuangukia. Swala pala alikuwa katikati ya lami, ametugeuzia uso, karibu kiasi kwamba niliona masikio yake yakitikisika. Nyuma yetu lori lilipiga honi ndefu, likatukwepa kwa upande wa kulia. Swala akaruka, akafuatwa na wa pili, na wa tatu. Hatukumgonga, wala lori halikutugonga. Lakini kwa muda mrefu hakuna aliyesema neno ndani ya gari lile, na mtoto alikuwa akilia kimya kimya.

HESABU YA SEKUNDE MBILI

Tulipofika mji mdogo wa Mikumi tuliketi kwenye hoteli kunywa chai, nami nikaandika hesabu juu ya karatasi. Fanya hesabu hiyo nawe. Gari linalokwenda kilomita 80 kwa saa hupita mita 22 kila sekunde. Ukikitazama kioo kwa sekunde 2 tu, umekwenda mita 44 ukiwa kipofu. Kwa kilomita 50 kwa saa, upofu huohuo hukupeleka mita 28. Tofauti hiyo ya mita 16 ndiyo inayoweza kuokoa roho ya swala, au ya mtoto anayevuka kwenda shule.

Huko Uingereza, mwaka 2020, taasisi ya utafiti wa usafiri iitwayo TRL iliwapima madereva kwa mtambo wa kuigiza uendeshaji. Walioitumia CarPlay kwa kugusa kioo walichelewa kuitikia hatari kwa asilimia 57 zaidi. Walioitumia Android Auto kwa kugusa, kwa asilimia 53. Walioamuru kwa sauti walichelewa kwa asilimia 36 na 30. Mtu aliyekunywa pombe hadi kikomo kinachoruhusiwa na sheria huchelewa kwa asilimia 12. Nilipomsomea mpwa wangu tarakimu hizo, yeye asiyeonja pombe kabisa, aliinamisha kichwa.

Hata hivyo alikuwa na hoja, na haki ni kuieleza. "Mjomba," alisema, "kabla ya kioo hiki nilikuwa naiweka simu mapajani. Je, hiyo ilikuwa bora?" La, haikuwa bora. Kioo kilicho mbele ya macho, chenye maandishi makubwa, kimebuniwa ili mtu asishike simu. Kosa ni kudhani kwamba kwa kuwa mkono hauna simu, basi na moyo hauna. Mkewe ndiye aliyekata shauri. Alinyoosha mkono, akaichukua simu, akasema, "Kuanzia sasa ramani na nyimbo ni kazi yangu. Wewe kazi yako barabara." Hakuna aliyekata rufaa.

ULAYA ILIYO KARIBU

Kesho yake tuliigeukia barabara ya kaskazini iendayo Kilosa. Mji wa Mikumi umo ndani ya Wilaya ya Kilosa, ingawa wasafiri wengi hupita bila kulijua hilo. Katika njia hiyo kuna mahali panapoitwa Ulaya. Mke wa mpwa wangu aliandika jina hilo kwenye simu, nayo ikatuletea bara zima la wazungu. Tulicheka, na kicheko hicho kilitutoa hofu ya jana.

Baadaye mtandao ulikatika tena. Nukta ya buluu ilibaki, lakini ikielea juu ya karatasi tupu. Mambo haya ni mawili, tena tofauti. Mahali ulipo, simu huambiwa na setilaiti zilizo juu yapata kilomita 20,000, bila malipo na bila mnara wowote. Lakini picha ya ramani huja kwa bando, kupitia minara. Asiyeihifadhi ramani ndani ya simu kabla ya kuondoka nyumbani atajua alipo, ila hatajua pako wapi.

Tulimkuta mzee mmoja akisukuma baiskeli yenye gunia. Tukasimama na kumwamkia. "Shikamoo, mzee." "Marahaba, wanangu. Mnakwenda Kilosa? Njia ni hii. Ila mbele kuna korongo, maji ya juzi yamekula ukingo. Msiingie na gari dogo kabla hamjashuka mkatazama." Tulishuka, tukatazama, tukapita kwa upande ulio mgumu. Hakuna ramani ya simu ambayo ingetuambia habari za mvua ya juzi.

KILOSA NA MAMLAKA YA NJIA

Kilosa ni mji ulio chini ya milima, kando ya mto Mkondoa. Ni mji wa reli. Reli ya Kati, iliyojengwa na Wajerumani kutoka Dar es Salaam hadi Kigoma, inapita hapo, na hapo ndipo linapochipuka tawi la kwenda Mikumi na Kidatu. Mto huo umewahi kuuonea mji. Mafuriko ya Desemba 2009 na Januari 2010 yaliwaacha maelfu bila makazi na kuzoa tuta la reli. Leo reli mpya ya umeme nayo inapita wilayani humo, ikitoboa milima kwa mahandaki. Treni zake zilianza kubeba abiria kati ya Dar es Salaam na Dodoma mwaka 2024, nazo zimesanifiwa kukimbia hadi kilomita 160 kwa saa.

Nilipoitazama reli ile nilikumbuka kanuni ya kale ya kazi hiyo. Dereva wa treni haingii katika kipande cha njia mpaka amepewa idhini kwamba kipande hicho ni kitupu. Zamani idhini ilikuja kwa simu ya waya, stesheni hadi stesheni. Siku hizi huja kwa mitambo ya kisasa zaidi. Vyombo vimebadilika, kanuni imebaki. Lakini barabarani, ndugu msomaji, hakuna mkuu wa stesheni. Wewe mwenyewe ndiwe unayejipa idhini ya kila mita, kwa macho yako.

Basi, ukijaaliwa kwenda, hifadhi ramani ya mkoa wa Morogoro ndani ya simu ukiwa bado nyumbani. Panga nyimbo kabla ya kuwasha gari. Mkabidhi simu mtu asiyeendesha. Ukiwa peke yako, simama mahali salama ndipo uguse kioo. Pita Mikumi mchana, kwa mwendo wa kibao. Na ukiona mzee na baiskeli yake, simama umwamkie.

Sisi tulirudi kwa njia ya Rudewa hadi Dumila, tukaikuta barabara ya Dodoma, kisha Morogoro. Kioo kilikuwa kimezimwa. Binti alikaa katikati, akiangalia mbele, na kila alipoona mbuzi kandokando ya njia alimwambia baba yake.

"Nimemwona, mwanangu," baba alimjibu kila mara.

Safari njema.