Kufuta Ubao wa Kompyuta

Miongoni mwa mambo ya kwanza tunayomfundisha mwalimu mtarajiwa ni kufuta ubao kabla ya kutoka darasani. Makala haya yanahusu ubao wa aina nyingine, ambao sisi wenyewe tulisahau kuufuta.

Chuoni petu kompyuta moja hutumiwa kwa zamu na wakufunzi na wanachuo. Jioni moja tulichapa humo barua ya onyo kwa mwanachuo aliyekosa vipindi. Tuliihifadhi katika flashi yetu, tukaichomoa, tukaondoka tukiamini kwamba siri tumeichukua. Asubuhi mwanachuo mwingine alifungua programu ya kuandikia ili atayarishe andalio la somo. Katika orodha ya mafaili ya karibuni alikuta neno "Onyo" likifuatiwa na jina la mwenzake. Faili lenyewe halikufunguka, kwani flashi haikuwapo; lakini jina lilitosha. Kufikia saa nne habari zilikuwa zimeenea mabwenini, na mhusika hakuonekana darasani kwa siku mbili. Tulimwendea, tukamwomba radhi. Kosa lilikuwa letu, si la mashine.

Hatuna budi kuelewa kwamba kompyuta ya Windows huweka kumbukumbu mahali pengi. Programu ya kuandikia ina orodha yake. Dirisha la kutafutia mafaili lina yake. Kivinjari cha intaneti huorodhesha kurasa zilizofunguliwa. Na mfumo wenyewe hutunza alama za flashi zilizopata kuchomekwa. Faili likifutwa katika diski ya kompyuta, kwa kawaida huenda kwanza kwenye pipa la taka. Hata likiondolewa humo, maandishi yake huweza kubaki mpaka nafasi yake iandikwe kitu kingine, mithili ya ubao uliofutwa kwa kitambaa kikavu.

Basi, kabla ya kuondoka, mwalimu aondoe jina la faili katika orodha hizo, afute historia ya kivinjari, amwage pipa la taka, kisha achomoe flashi kwa utaratibu. Alama za flashi zilizo ndani ya mfumo amwachie fundi, maana kuzigusa bila ujuzi kwaweza kuharibu mfumo mzima.

Lakini tutahadhari. Kufuta ili kulinda heshima ya mtu ni adabu. Kufuta ili kuficha alama za mtihani zilizobadilishwa ni udanganyifu. Kumbukumbu za ofisi zibaki ofisini.

Bora zaidi ni kinga: faili la siri lipewe namba badala ya jina la mtu, na kila mtumiaji awe na akaunti na nywila yake.

Tunapendekeza zoezi hili lifanywe na wanachuo wawili wawili. Mmoja aandike, afute, atoke. Mwenzake aingie na kutafuta alichoacha. Kisha wabadilishane zamu.