Mwaloni Chini ya Zulia

Binti yetu aliponunua nyumba kuukuu huko Silver Spring, sisi wazee wawili tulijitwika kazi ya kuipamba. Nia yetu ilikuwa wajukuu wakue ndani ya nyumba iliyofanana na ya kwetu. Tukaagiza kutoka Unguja kasha la mninga lenye njumu za shaba, likavuka bahari kwa gharama ambayo tunaona haya kuitaja, tukaliweka sebuleni. Usiku mmoja wa Januari tulisikia mlio kama wa tawi linalovunjika. Kifuniko kilikuwa kimepasuka pembe hadi pembe.

Seremala aliyekuja kulitazama hakushangaa. Ubao, alisema, huvuta unyevu wa hewa na kuutoa. Uliozoea hewa ya pwani, ukiingizwa katika nyumba inayopashwa joto usiku na mchana wakati wa baridi, hukauka na kunywea. Nao ukiwa umebanwa kwa misumari hauna pa kwenda ila kupasuka. Nasi tuliifundisha sayansi hiyo hiyo darasani miaka na miaka!

Aibu hiyo ilitukumbusha nyumba tulimolelewa katika Mji Mkongwe. Waliozijenga nyumba zile walianza na vilivyokuwa karibu: mawe ya matumbawe, chokaa iliyochomwa papo hapo, boriti za mikoko. Na kwa kuwa boriti ya mkoko ni fupi, vyumba vikawa virefu na vyembamba. Mti ndio uliopima sebule. (Tusitie chumvi: msaji wa milango mingi ulitoka Bara Hindi.) Basi tukajiuliza: je, ardhi hii ya mto Potomac nayo huwapa nini wajengao juu yake?

Tulianzia National Arboretum, bustani ya miti iliyo kaskazini mashariki mwa Washington. Katika uwanda wa majani zimesimama nguzo 22 zisizobeba paa lolote. Zilisimamishwa mbele ya jengo la Bunge mwaka 1828, zikaondolewa mwaka 1958 jengo lilipopanuliwa. Ni jiwe la mchanga kutoka machimbo ya Aquia, Virginia, lililoletwa kwa mashua kupitia Potomac. Ikulu nayo ilijengwa kwa jiwe hilo. Miongoni mwa waliolichimba walikuwemo watumwa wenye asili ya Afrika, waliokodishwa, na ujira wao ukaingia mifukoni mwa mabwana zao. Tuliigusa nguzo moja, tukanyamaza. Sisi watu wa Unguja hatuwezi kujifanya kuwa habari kama hiyo ni ngeni kwetu.

Upande wa barabara ya New York, penye bustani hiyo hiyo, zimebaki tanuri kuukuu za kuchomea matofali, za mviringo kama mizinga ya nyuki. Hapo tulielewa kwa nini mji huu una nyumba nyingi nyekundu: udongo wake wenyewe ndio uliochomwa. Kisha tukaenda kulitazama kwa nje jengo la kwanza la Smithsonian, lile liitwalo Ngome, lililokamilika mwaka 1855. Jiwe lake jekundu lilitoka Seneca, Maryland. Likichimbwa huwa laini, huchongeka kwa urahisi. Likikaa hewani hugumu.

Tuliporudi Silver Spring tulikuta ubishi unatungoja. Binti yetu alitaka kutandika sakafu ya plastiki iliyochapwa picha ya ubao. Sisi, pamoja na yote tuliyoyaona, bado tulikuwa na tamaa ya mninga. Mkwe wetu, mtu wa maneno machache, alipiga magoti pembeni akafunua ncha ya zulia. Chini yake palikuwa na mbao nyembamba za mwaloni, mti unaoota hata nyuma ya nyumba ile, zimelala salama kwa miongo kadhaa chini ya nailoni na vumbi. Sote watatu tulishindwa.

Hapa tunawasihi wenzetu wanaohamia nyumba kuukuu: msianze kusugua kitu chochote kabla ya kupima rangi. Rangi yenye madini ya risasi ilipigwa marufuku katika nyumba za Marekani mwaka 1978, na nyumba nyingi za kabla ya hapo zinayo. Vumbi lake hudhuru akili za watoto wadogo. Kwetu ilionekana kwenye fremu za madirisha. Wajukuu wakahamia kwa shangazi yao hadi mafundi wenye leseni walipomaliza kazi.

Mbao zilizokuwa zimeoza tuliziziba kwa mwaloni mkuukuu kutoka Community Forklift, ghala la vifaa vya ujenzi vilivyokwisha tumika, huko Edmonston, Maryland. Nendeni na futi ya kupimia na subira. Vitu havina mpangilio wa dukani. Meko tuliikwangua, matofali yakatokea. Juu ya mwaloni tumetandika mkeka wa ukindu, nao, tofauti na kasha, haukulalamika.

Kasha lenyewe liko chini ya dirisha. Seremala alitaka kuuziba ufa, tukamkatalia. Mjukuu wetu mdogo hupenyeza senti zake humo, na kila Ijumaa jioni huja kutuomba tumfungulie azihesabu.