Ushirika wa Nani?

Muhula uliopita, wanne kati yetu tuliombwa kutafsiri karatasi ya kurasa mbili kuhusu vyama vya ushirika vya wafanyakazi. Wasomaji wake ni mama zetu, hapa Bronx, wanaosafisha nyumba na kutunza wazee huku wakala akikata sehemu yake katika kila saa wanayofanya kazi.

Tuliandika: “Jiji linasaidia vyama vya ushirika.” Jumapili, baada ya chakula, tukawasomea.

Mama mmoja, mzaliwa wa Moshi, akaweka kikombe chini. “Serikali na ushirika tena? Wanangu, baba yangu alilima kahawa. Mwaka 1976 serikali ilivifuta vyama vikuu vya ushirika. Yeye hakuulizwa.”

Tulinyamaza. Kamusini “ushirika” ni neno zuri tu. Kwake yeye lina jeraha.

Tukarudi kwenye karatasi kutafuta jibu la kweli. Mwaka 2014 Baraza la Jiji la New York lilitenga dola milioni 1.2 kwa ajili ya vyama hivi. Fedha hizo hupewa mashirika yanayofundisha wafanyakazi kuendesha biashara, kuandika katiba na kujisajili. Jiji halinunui hisa wala halipigi kura. Kila mwanachama ana kura moja, na faida hugawanywa kwa kadiri ya kazi aliyofanya mtu. Isitoshe, wazo hili halikuanzia kwenye Baraza: hapa hapa Bronx, tangu mwaka 1985, kuna kampuni ya watunzaji wa majumbani, Cooperative Home Care Associates, inayomilikiwa na wafanyakazi wake.

Hatukumficha upande wa pili. Fedha za Baraza hupitishwa mwaka hadi mwaka. Zikikatwa, mafunzo yanaweza kusimama, lakini chama kitabaki mali ya wenyewe.

Alisikiliza mpaka mwisho. “Basi ni kama upatu wetu, ila huu una mwanasheria.” Wote wakacheka.

Bado hajajiunga. Alitutaka jambo moja tu: tuandike mwanzoni kabisa ni nani anayeweza kukifuta chama. Tumefuta sentensi yetu ya kwanza. Sasa karatasi inaanza hivi: “Chama hiki ni chenu. Wa kukivunja ni ninyi wenyewe, kwa kura zenu.”