Bi Mkubwa hauzwi!

Jamani wasomaji wangu, wenzenu wana magari ya kung'aa, wanafunga vioo na kujipigia muziki. Mimi nina mkweche. Ni pikapu Hilux ya dizeli, injini 3L, ya toleo lile lililoanza kutoka mwaka 1988. Kwa umri imenizidi. Ilikuwa nyeupe, sasa ina rangi ya vumbi la machimboni. Hapa Chunya wanaiita Bi Mkubwa.

Siku ya kwanza kumpeleka mchumba wangu Mbeya, alitandika khanga kwenye kiti asichafuke, akanyamaza mpaka Kawetire. Kule juu baridi ikaanza kupenya sakafuni palipotoboka, ndipo akasema: "Hivi hata hita haina?" Nikamwambia ipo, ila ni ya kuwashia injini tu!

Lakini kilichonishikisha kalamu si hicho. Ni braza. Marehemu baba alituachia Bi Mkubwa sisi wawili, nusu kwa nusu. Mimi na cheti changu cha kidato cha nne nikashika usukani: asubuhi mapipa ya maji, mchana viroba vya mawe kupeleka karasha, jioni mtu anahama na kitanda chake. Braza yeye yuko kwenye duara. Huku kwetu, tangu dhahabu ya Lupa ilipowaleta watu miaka ya 1920, hakosekani mtu wa kukwambia "bado mita mbili tu."

Mwezi uliopita braza kaja na mnunuzi. Anataka hela ya kompresa na magogo ya kuzuia duara lisibomoke. Mnunuzi kafungua boneti, kagongagonga bodi, kasema hiki ni chuma chakavu. Nikampa ufunguo. Kawasha bila kusubiri taa ya hita izime, gari ikakohoa, ikagoma. Akacheka. Nikaingia mimi, nikasubiri kidogo, ikashika mara moja. (Mwaka 2003 Waingereza wa kipindi cha Top Gear waliitumbukiza Hilux kama hii baharini, wakaiweka juu ya jengo likabomolewa, na bado iliwaka. Sembuse dharau za mtu mmoja!)

"Dogo, hii gari inakula hela," braza akasema. Kweli inakula. Juzi tu nimebadilisha mkanda wa taiming, maana ule mpira ukikatika safarini, valvu na pistoni zinagongana na kwisha habari yako. Lakini spea zipo Mbeya, na fundi wa chini ya mti anaifungua bila kompyuta. Duara nalo linakula, tena halitoi risiti.

Mama alikuwa mlangoni, kimya muda wote. Mwisho akauliza: "Likikosa hilo duara, maji mtabeba kichwani?"

Sikusaini. Nikamwambia braza nusu yake nitainunua kidogo kidogo. Siku tatu hakuitikia hata salamu yangu, ya nne akakubali. Sasa kila Jumamosi anafuata chake, na kabla ya kuhesabu anachomoa kijiti cha oili kukagua, kama bosi.

Wiki iliyopita kaomba nimbebee viroba vyake. Nikamtajia nauli ile ile ya wateja wote. Akanuna, akalipa. Mawe yenyewe yametoa dhahabu ya kufidia dizeli tu.

Bado mita mbili, anasema.