Kuku wa ndani Ngara na Biharamulo: mtoto akimpenda, mgeni akija, mzazi ufanyeje?

KUTOKA Nyakanazi, kwenye barabara ya Kahama kwenda Rusumo, Biharamulo inajionyesha kwa mapori ya miombo na mashamba ya mihogo na mahindi. Basi likishapita Lusahunga na Nyakahura linafika Benaco, mahali dunia ilipopasikia mwaka 1994 kwa sababu ya kambi ya wakimbizi wa Rwanda. Hapo anayekwenda Ngara anakata kushoto na kuanza kupanda vilima vyenye migomba na baridi ya usiku. Mandhari inabadilika sana kati ya wilaya hizi mbili. Jioni, hata hivyo, kuna jambo moja utalikuta katika nyumba nyingi za vijijini huku na huku: kabla mlango haujafungwa, kuku wanaingia ndani.

Hakuna anayewaswaga. Giza likianza, koo anatangulia na vifaranga wake kuelekea kona ya jikoni, matetea wanaruka juu ya gogo au gunia la mahindi, na jogoo, ambaye mchana kutwa alikuwa bwana wa uwanja, anaingia wa mwisho kama mwenye nyumba aliyechelewa kilabuni. Mgeni wa mjini hushangaa. Mwenyeji hana cha kushangaa, kwa sababu anajua kicheche akiingia kwenye banda bovu usiku mmoja anaweza kumaliza kundi zima, na kwamba mwizi wa kuku hahitaji hata gari. Kuku wa kienyeji ndiye akiba ya karibu. Daftari zikiisha au mtoto akipata homa, haendi mtu benki, anatazamwa jogoo.

Katika maisha haya ya kulala chini ya paa moja, watoto na kuku wanazoeana kuliko wazazi wanavyodhani. Mara nyingi huanza na kifaranga aliyebaki peke yake. Mama amechukuliwa na mwewe, au mayai yameanguliwa siku ya 21 na yule wa mwisho akaachwa kwenye kiota wenzake walipotoka. Mtoto anamweka kwenye boksi lenye nyasi kavu karibu na jiko, maana kifaranga wa wiki ya kwanza anahitaji joto la nyuzi 32 hadi 35, na usiku wa Ngara hauna joto hilo. Anamchimbulia mchwa. Anamwekea chenga za mahindi kwenye kifuniko cha ndoo. Baada ya siku chache kifaranga anamfuata kila aendako, mpaka chooni.

Mfuasi huyo si wa ajabu. Mtaalamu wa tabia za wanyama kutoka Austria, Konrad Lorenz, aliyepata Tuzo ya Nobel mwaka 1973, alieleza jinsi vifaranga wa bata bukini wanavyomfanya mama yule kiumbe wanayemwona akitembea mbele yao mwanzoni kabisa mwa maisha. Kuku nao wako hivyo hivyo. Na Mnorwe Thorleif Schjelderup-Ebbe, aliyeandika mwaka 1921 kuhusu namna kuku wanavyopangana nani amdonoe nani, alianza kuwachunguza akiwa bado mtoto. Kwa hiyo mzazi unayemwona mwanao amekaa kizingitini nusu saa akitazama kuku wakigombea punje, usiharakishe kumwita mvivu.

Ugumu unakuja siku mgeni anapofika. Anaweza kuwa shemeji kutoka Kabanga au mjomba ambaye hajaonekana miaka miwili. Heshima ya nyumba ni kuku, na firigisi ina mwenyewe. Kuku aliye karibu, asiyekimbia, anayekamatika bila jasho, ni yule yule aliyelelewa na mtoto. Upole aliofundishwa ndio unaomponza.

Wazazi wengi hapo hukimbilia uongo: "Amechukuliwa na mwewe." Mtoto wa miaka saba anaweza kuukubali mpaka atakapoyaona manyoya jalalani, na ya rangi ile anaijua. Kuanzia hapo, mwewe haaminiki tena, na baba pia. Kuna wazazi wanaosema ukweli lakini kwa dhihaka, eti "unalilia mboga?" Huo ni ukali usio na faida. Mtoto hajakosea kumpenda kiumbe aliyemlisha kwa mkono wake.

Njia yenye nafuu ni kupatana mapema, kabla hakujawa na mgeni wala njaa. Kifaranga akishapona, mzazi aseme wazi: huyu tunamweka awe koo wa kutaga, tutauza au tutachinja majogoo atakaowaangua. Au aseme kinyume, kwamba huyu ni wa Krismasi, ili mtoto ajue anamlea nani. Na ikibidi ahadi ivunjwe kwa sababu kuna mgonjwa, mtoto aambiwe asubuhi, kabla kisu hakijanolewa. Atalia. Jioni anaweza kukataa nyama, asilazimishwe kula.

Kuna jambo jingine ambalo mapenzi haya yasilifunike. Watafiti waliochambua takwimu za kaya za vijijini Ethiopia na kuchapisha matokeo mwaka 2016 waliona kuwa watoto wa kaya zenye kuku walikuwa na urefu mzuri zaidi kwa umri wao, lakini kuku wakilazwa ndani ya nyumba wanamolala watu, picha iligeuka kuwa mbaya. Kinyesi cha kuku hubeba vijidudu vya kuharisha, na mtoto anayetambaa huokota kila kitu na kukitia mdomoni. Utitiri nao haubagui kitanda. Kama banda imara bado halijawezekana, basi walale jikoni na siyo chumbani, sakafu ifagiwe kabla mdogo hajaamka, na mikono ioshwe kwa sabuni. Kibanda cha miti kilichoegemezwa ukuta wa jiko, chenye mlango wa kufunga, kinamzuia kicheche na kumwacha mtoto karibu na kuku wake.

Halafu kuna mdondo, ambao wengine huuita kideri. Huo hauulizi kuku ni wa mtoto au wa mgeni; ukiingia kijijini unafagia. Chanjo yake ya matone ni tone moja tu jichoni, kila baada ya miezi mitatu, na hutolewa kwa kuku wazima kabla ugonjwa haujafika. Kazi kubwa ni kuwakamata. Ndiyo maana siku ya chanjo watu huanza alfajiri, kuku wakiwa bado ndani. Na anayeamshwa kwanza ni yule mtoto, aje amshike koo wake, amgeuze kichwa pembeni na kumtuliza mpaka tone lienee jichoni.