Kuamia Ndege

Kazi yangu ya kwanza maishani ilikuwa kupiga debe. Si debe la siasa. Debe la mafuta ya kula, tupu, lililotundikwa mtini kwenye shamba letu la mpunga kule Mwamkulu, nje kidogo ya Mpanda. Mpunga ukianza kutunga, sisi watoto tulihamia shambani. Saa kumi na moja alfajiri tulikuwa tumeshapanda dungu, maana kweleakwelea hangoji jua likolee. Wanakuja kama wingu, mbawa zinavuma kama mvua iliyo mbali, wanatua, na walipotua yanabaki makapi. Silaha zetu zilikuwa debe, kombeo na matusi. Waliopigwa tuliwachoma kwenye makaa, wawili watatu kwa kijiti kimoja, tukalia ugali wa muhogo. Ikifika magharibi sauti imeshakauka.

Wakati ule ungeniambia kwamba mtu atapanda ndege kutoka Ulaya, abadilishe apande nyingine ndogo hadi Katavi, aje kutazama ndege, ningedhani umelewa. Hifadhi ya Taifa ya Katavi ilikuwepo tangu 1974, ila kwetu ilikuwa nchi ya viboko na askari. Kwamba ina ndege wa aina zaidi ya 400, nani alikuwa na haja ya kuhesabu? Tulimjua mlaji wa mpunga. Waliobaki wote walikuwa kitoweo au si kitoweo.

Aliyenibadilisha ni mpwa wangu, anayetembeza wageni Sitalike, kilometa kama 35 kusini mwa Mpanda. Siku hizi ni lami. Zamani safari hiyo ilikula nusu siku, na kifuku ilikula na gari lenyewe. Nilipita kumsalimia Oktoba moja, akanichukua hadi ukingoni mwa Mto Katuma.

“Mjomba, usinyooshe mkono. Wataruka.”

Nikaurudisha mkono. Ulikuwa umekwenda wenyewe, kama unatafuta kombeo.

Mbele yetu palikuwa na korongo mweusi, domo lake likifungwa linaacha mwanya katikati, kama mkasi uliopinda. Nilidhani ni kilema. Mpwa wangu akacheka kimyakimya, akaniambia nisubiri. Yule ndege akapapasa tope kwa ncha ya domo, akatulia, akaibuka na konokono. Akambana, akaingiza ncha ndani, akatikisa kichwa mara moja, akameza. Gamba likaanguka zima, halina hata ufa. Ndipo nikaona tulikuwa tumesimama juu ya mamia ya magamba kama hayo. Utotoni nilikuwa nayachezea, nikidhani konokono wamejifia tu.

Nikamuuliza mbona ndege wote wamebanana kwenye vidimbwi viwili vitatu, pamoja na viboko waliolaliana kama magunia stendi.

Jibu lake nililijua kabla hajamaliza. Katuma wa zamani alitiririka mwaka mzima. Tangu miaka ya 2000 hukatika kila kiangazi, na maji yanayobaki ni madimbwi. Misitu ya vyanzo imefyekwa, na huko juu maji yanachepushwa kwenda majarubani. Mwari huhama wakiona hali mbaya. Kiboko atahamia wapi? Kongoti peke yao ndio wasio na shida, wamesimama kando kama wazee wa mirathi, wakingoja wa kufa afe.

Huko juu ni wapi? Ni pamoja na Mwamkulu. Mpunga ule niliouamia ndio ulionisomesha, na mama angali anaulima. Sikumwambia mpwa wangu chochote. Hata mimi sina la kuwaambia wale wakulima. Huwezi kumwambia mtu aache jaruba ili korongo apate konokono, ukaondoka salama.

Tulirudi garini jua likizama. Akafungua buti aweke darubini yake, akakuta gunia.

“Mjomba, umetuletea mchele!”

“Bibi yako kakupa.”

Akalibeba begani, akatangulia kwenda nyumbani.