Kashata za Pasaka zinazopita kila mlango

Pasaka ikikaribia, binti yangu hutamani zile peremende laini zenye umbo la kifaranga anazoziona kwenye simu. Wazazi wenzangu, nyingi hugandishwa kwa jelatini, inayotokana na ngozi na mifupa ya ng'ombe au nguruwe. Nyumba yetu hapa Magomeni ina wapangaji Wakristo na Waislamu. Sitaki mtoto wa jirani aambiwe "usile".

Tunapika kashata: nazi iliyokunwa, sukari, iliki. Sukari iliyoyeyuka ina moto kuliko maji yanayochemka, tena hunata kwenye ngozi, kwa hiyo mwiko nashika mimi. Nikishaimwaga kwenye sinia, kabla haijakauka, binti yangu hukata vifaranga kwa kibati cha biskuti.

Idd ikifika, sahani zetu hurudi na visheti.